Bakuli Moja la Hina

Ukitaka kumkasirisha Safia binti Yakubu, usimtukane. Wewe mwambie tu kwamba hina yake haikushika vizuri. Hapo ndipo utamwona anavyosimama, mikono kiunoni, akuulize ni nani aliyekufundisha kutazama hina, na kama hayo uliyo nayo usoni ni macho au vifungo vya shati. Mtaani kwake Kasongo kila mtu anajua tabia yake hiyo, na waendesha pikipiki humchokoza makusudi ili wacheke.

Ana miaka arobaini na sita sasa, wana watatu wasiojua hata kushika mchi, na kazi anayoipenda kuliko usingizi. Kutoka Kasongo mpaka Kabambare, bibi arusi wa Kiislamu anayejiheshimu lazima apite mikononi mwake, na Wakristo nao siku hizi wanamwita, maana kila msichana anapenda kupendeza siku yake. Husafiri kwa pikipiki na mfuko wa turubai wenye majani ya mhina aliyoyatwanga mwenyewe, ndimu, majani makavu ya chai, kitambaa cha kuchujia na bakuli lake la bati. Ile rangi nyeusi ya dukani, ya kupaka nywele, haigusi. Hina yake ikishakaa usiku kucha inakolea hivyo hivyo, wekundu mzito unaokaribia weusi, na harufu yake unaisikia ukiwa bado mlangoni.

Basi ilikuwa mwezi wa saba wa mwaka 2021, siku chache baada ya Idi ya kuchinja, alipoitwa kijiji cha Wamaza kumpamba Soraya. Soraya alikuwa dada mdogo wa Nourdine, na Nourdine ndiye mume wa Feza, na Feza ndiye mdogo wake Safia, mdogo wa pekee. Kwa hiyo hii haikuwa arusi ya kazi, ilikuwa arusi ya nyumbani. Safia alipanda pikipiki alfajiri, kiangazi kimekausha barabara, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na njia nzima alikuwa anaimba.

Tena alikuwa na sababu nyingine ya kuimba. Feza alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba yake ya kwanza, baada ya miaka tisa ya ndoa na maneno ya watu. Safia aliposhuka tu kwenye pikipiki alimkimbilia, akamshika tumbo kwa mikono yote miwili mbele ya wanaume na wazee, bila haya hata kidogo.

"Yaya, acha basi, watu wanaangalia!" Feza akamwambia dada yake, huku anacheka.

"Waangalie! Macho ni yao, mudogo ni wangu."

Mama yao alifariki siku aliyomzaa Feza. Safia alikuwa na miaka kumi na sita wakati huo, na ndiye aliyembeba yule mtoto mchanga mgongoni kwenda shambani, sokoni, madrasani, kila mahali. Hilo hakuwa akilizungumza. Lakini tangu aliposikia habari ya mimba ya Feza, furaha yake ilikuwa na hofu ndani yake, na alipokuwa peke yake alihesabu miezi kwa vidole.

Siku ya hina ilikuwa ya vigelegele tangu asubuhi. Safia alichanganya bakuli moja kubwa. Akampaka Soraya mikono na miguu, maua yakapanda mpaka kwenye viwiko. Iliyobaki akampaka Feza, vidole vyote na kucha zote, na mwisho kabisa akajipaka yeye mwenyewe ncha za vidole, kama kawaida yake. Nyumba ilijaa watu mpaka wengine wakakaa dirishani. Alikuwako shemeji mmoja aliyetoka Kindu, anakohoa na kucheka na kukohoa tena, na mtu alipomtania kwamba ameleta Korona, wote wakaangua kicheko. Korona, wakasema, ni ugonjwa wa wapanda ndege, na Wamaza hakuna uwanja.

Arusi ilipita vizuri. Nourdine akarudi kazini kwake, machimboni Salamabila. Soraya akaingia nyumbani kwa mumewe kukaa ndani siku zake saba, asionekane na mtu, kama ilivyo desturi. Safia alitaka kurudi Kasongo kesho yake, lakini Feza akaamka na homa.

Homa pale Wamaza ni malaria mpaka ithibitike vingine, na wala haithibitiki. Feza akanywa dawa ya malaria. Siku ya pili akaanza kukohoa. Siku ya tatu akawa anakaa chini kila baada ya hatua kumi, akishika ukuta. Majirani wakaja wakatoa hukumu yao: mtoto anapanda juu, anasukuma mapafu, mimba za kwanza ndivyo zilivyo. Safia mwenyewe aliliamini hilo. Alimfunika Feza blanketi juu ya sufuria la majani ya mchaichai yanayotokota, akamkaripia anapotaka kutoka, akamsugua mgongo kwa mawese. Alimwita mvivu. Neno hilo lilimuuma baadaye kuliko yote, kwamba alimwita mvivu.

Asubuhi ya siku ya tano, Safia alimpelekea uji.

"Yaya," Feza akasema. Akavuta pumzi. "Weka." Akavuta tena. "Hapo."

Safia akaweka bakuli la uji chini polepole. Maneno matatu, pumzi mbili. Alitazama kifua cha mdogo wake kinavyopanda na kushuka, na mbavu zinavyoingia ndani kila mara, na tumbo lile kubwa likienda mbio pamoja navyo. Alikuwa amewaona wanawake wengi wenye mimba wakihema. Huku hakukuwa kuhema kwa mimba. Akatoka nje akipiga kelele aitiwe pikipiki, na nusu saa baadaye walikuwa kwenye kituo kidogo cha afya kilichokuwa karibu.

Muuguzi wa pale alikuwa kijana aitwaye Roger, mpole, barakoa imemteremka mpaka kidevuni. Mwaka ule alikuwa ameletewa kifaa kipya kinachofanana na kibanio cha nguo. Unakibana kwenye kidole, kinakuambia damu ya mtu ina hewa kiasi gani. Roger alijivunia kifaa kile. Akakibana kwenye kidole cha Feza, wakasubiri, namba zikawaka: themanini na saba.

Roger akakunja uso. Akainua ule mkono, akauona mwekundu mweusi mpaka kwenye kucha, akatabasamu kama mtu aliyepata jibu la mtihani.

"Ah, ni hina! Tulifundishwa wakati wa kupewa mashini. Rangi kwenye kucha inafanya mashini iseme uongo. Mutu muzima iko na tisini na tano kwenda juu. Huyu mama, ni mimba inamubana. Apumuzike, anywe dawa, hina ikitoka murudi tutapima vizuri."

"Hina ikitoka?" Safia akauliza.

"Ndiyo, mama. Wiki mbili hivi, ao tatu."

Hapo sasa! Wengine wangesema asante wakaondoka. Wengine wangelia. Lakini wewe unamwambia Safia binti Yakubu kwamba hina yake inasema uongo? Alihisi joto limempanda kutoka miguuni. Hata leo akisimulia hukiri wazi kwamba dakika ile hakuwa akimfikiria Feza. Alikuwa na hasira tu, hasira ya fundi.

"Sikiliza, munganga. Hina yangu iko majani, ndimu na chai. Haijadanganya mutu tangu nianze kazi, itadanganya mashini? Leta hiyo kitu yako hapa!"

Akamnyang'anya kifaa, akajibana nacho kidole cha shahada, kilichopakwa kutoka bakuli lile lile, jioni ile ile. Namba zikacheza, zikatulia. Tisini na nane.

Akamwonyesha Roger. Roger akatazama, akajikuna shingo.

"Mama, wewe mikono yako iko ya kazi, kila siku hina. Pengine kucha zako ziko tofauti. Kwa mutu mumoja siwezi kujua."

"Unataka mutu wa pili?"

"Kama angekuwako…"

"Ngoja hapo. Usitoke! Na umulalishe mudogo wangu muzuri."

Akatoka mbio. Mwanamke wa miaka zaidi ya arobaini, mnene, kanga moja mkononi na nyingine mdomoni, anakata njia katikati ya mihogo ya watu, kuku wanaruka, mbwa wanamfuata wakibweka. Mtu wa pili alikuwa mmoja tu Wamaza nzima: Soraya. Na Soraya alikuwa ndani, siku ya tano kati ya saba, mlangoni ameketi mama mkwe wake akichambua mchele.

"Bibi arusi hatoki," mama mkwe akasema, kabla hata hajaulizwa.

"Mama, naomba kidole chake tu."

"Kidole kinatembea peke yake? Hatoki! Watu watasema nini?"

Safia akaanza kueleza, lakini pumzi zilimwishia, na maneno yakamtoka ovyo: mashini, hina, themanini na saba, Feza. Basi lile jina la Feza lilipita mlangoni likafika chumbani. Pazia likafunguka. Soraya akatokea na kitenge kipya cha arusi, wanja machoni, mafuta ya manukato yakinuka mpaka uani.

"Wifi yangu iko na nini?"

Hakungoja jibu. Akamruka mama mkwe na ungo wake wa mchele, wakatoka wawili mbio. Wamaza ilisimama. Wanawake waliokuwa kisimani waliacha ndoo zikafurika. Bibi arusi anakimbia mchana kweupe, siku ya tano, ushungi begani, bangili zinalia, na Safia nyuma yake anamhimiza, "Kimbia, mwanangu, kimbia!" Maneno ya mbio zile yalikaa kijijini mwaka mzima.

Walipoingia kituoni, Soraya alinyoosha mkono bila kuambiwa. Roger akakibana kifaa. Wakainama wote watatu juu ya kile kidirisha kidogo. Tisini na tisa.

Roger akakirudisha kwenye kidole cha Feza. Themanini na sita.

Mikono mitatu, bakuli moja. Safia aliufurahia ushindi wake kwa muda wa kufumba na kufumbua, akafungua mdomo amwambie yule kijana, "Si nilikuambia?" Kisha maana ya ile namba ikamfikia. Kama hina haikudanganya, basi mashine ilisema kweli. Akashika ukingo wa kitanda.

Roger naye alibadilika. Akapandisha barakoa, akawapa na wao, akafungua madirisha yote. Alisema mambo haraka haraka, na Safia aliyashika moja moja kama mtu anayetumwa ng'ambo. Kwamba hii ilifanana sana na Kovidi. Kwamba ugonjwa huo ukimkuta mwanamke mwenye mimba, hasa miezi hii ya mwisho, unaweza kumzidia kuliko mwenzake wa umri ule ule asiye na mimba, maana mapafu yamebanwa na mwili unapumua kwa ajili ya watu wawili. Kwamba hatari yake ni hewa kupungua na mtoto kuja kabla ya wakati. Kwamba pale kituoni hakukuwa na oksijeni, na Kasongo ilikuwako.

"Mama, nilikosa," akasema akiandika barua ya uhamisho. "Ningemurudisha nyumbani."

"Andika kwanza. Utaomba musamaha nyuma."

Aliyewabeba alikuwa Lukumani, dereva mwenye pikipiki ndefu na moyo wa chuma. Feza katikati, Safia nyuma yake amemzungushia mikono na kumwegemeza kifuani, kitenge kimewafunga wote wawili ili asianguke. Soraya alisimama barabarani na mavazi yake ya arusi, hajali tena nani anamwona, akilia kwa sauti.

"Lukumani, mwanangu, piga moto," Safia akasema.

"Nikipiga moto mashimo yatamuumiza, mama."

"Basi piga moto penye hakuna mashimo!"

Na Lukumani alifanya hivyo hasa. Kwenye tambarare aliruka kama anafukuzwa, kwenye makorongo alishuka akausukuma mtambo kwa mikono, hatua kwa hatua, wakati Safia akitembea kando ameushika mgongo wa Feza. Daraja la magogo walilipita taratibu, na Lukumani akiwaambia miti aliyoiamini na asiyoiamini. Njia nzima Safia aliweka kiganja chake juu ya tumbo. Kila mtoto alipopiga teke, alipiga kelele sikioni mwa Feza: "Iko! Amenipiga teke! Umesikia? Iko!" Feza hakuwa na pumzi ya kujibu. Alimfinya mkono mara moja, ndiyo jibu.

Jua lilikuwa linaelekea kuinama walipouona mji. Roger alikuwa amepiga simu, na mlangoni mwa hospitali alisubiri daktari mwanamke, Dokta Célestine, na kiti cha magurudumu. Dakika tano baadaye Feza alikuwa amelazwa ubavu wa kushoto, mrija puani, mashine ikinguruma pembeni, na ile namba ilianza kupanda. Themanini na tisa. Tisini na moja. Tisini na tatu. Safia alikuwa anaisoma kwa sauti kutoka mlangoni, mpaka wagonjwa wengine wakaanza kuisoma naye.

"Nani alimupima huko?" daktari akauliza. "Wengi wananifikia hapa wameshazimia."

"Munganga Roger," Safia akasema. Ya hina hakuyasema. Alijishangaa mwenyewe.

Haikwenda kwa mstari mnyoofu. Siku ya nne namba ilirudi chini hata mashine ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, na Dokta Célestine akamwita Safia na Nourdine, aliyekuwa amefika kutoka Salamabila na matope ya machimbo mpaka magotini. Akasema mtoto atoke sasa, ili mama apate nafasi ya kupumua. Walikuwa wamekwisha kumchoma Feza sindano za kuyaandaa mapafu ya mtoto. Nourdine alitia sahihi. Safia alikwenda ukutani, akageuza uso, akakumbuka asubuhi nyingine, karibu miaka thelathini nyuma, wanawake wakitoka chumbani na mtoto tu.

Walitoka na mtoto. Msichana, kilo moja na nusu na kitu, mwekundu, analia sauti nyembamba ya hasira.

"Na mama yake?" Safia akauliza. Hakunyoosha hata mikono.

"Anapumua. Anapambana. Sasa huyu anataka joto la mutu, ngozi kwa ngozi, na wewe tumekupima mara mbili, uko safi. Fungua blauzi, mama."

Ndivyo Safia alivyokaa siku kumi na moja na yule mtoto kifuani, ndani ya kitenge, barakoa usoni, akimnywesha maziwa kwa kikombe kidogo kama kizibo. Na alifurahi! Asubuhi alitangaza gramu alizoongeza mtoto kwa yeyote aliyepita uani, awe mgonjwa au mpita njia aliyekuja kuomba maji. Wenye mimba waliokuja kupimwa aliwasimamisha mlangoni, akawasikiliza wanavyozungumza, akawaambia mwenye kikohozi na sentensi inayokatika asiende nyumbani kunywa mchaichai. Wengine walimwona amechanganyikiwa. Lakini mara tatu kwa siku alisimama kwenye mlango wa chumba cha Feza, na hapo hakuwa na la kutangaza. Feza alimtazama, akainua vidole viwili juu ya shuka, akavishusha. Neno hata moja hakulitoa.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Dokta Célestine alikuwa ameuondoa ule mrija puani mwa Feza. Safia hakuambiwa. Alikuja mlangoni kama kawaida, mtoto kifuani, yuko katikati ya kumsimulia mlinzi habari za gramu arobaini, mara sauti ikatoka kitandani, nyembamba, yenye mikwaruzo, lakini inatiririka:

"Yaya Safia, tangu asubuhi niko nakuangalia hapo mulangoni, huyo mutoto umemufunga kichwa kimeinama kama mutu anatafuta sindano chini, shingo itamuuma, na wewe unapiga mudomo na mulinzi, leta mutoto wangu hapa, na unawe mikono kwanza, tena kwa sabuni, na usiniambie ati umenawa, juu mimi sijakuona!"

Mlinzi aligeuka aone fundi wa hina maarufu atajibu nini. Safia alikuwa anasikiliza kama kuna mahali pumzi ilipokatika, na hapakuwa na mahali. Akaenda kwenye ndoo iliyokuwa uani, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akilia, na maji mengi yakamwagikia miguu yake mwenyewe.